Mgeni wa Dirisha la Mashariki

Alhamisi ya tarehe kumi na nane Aprili, mwaka elfu mbili ishirini na nne, saa nne kasoro robo asubuhi, gari la wagonjwa lilifika mtoni na kusimama ng'ambo ya pili. Bernadina alikuwa ng'ambo ya huku. Hapo ndipo kila kitu kilipoharibika. Haikuwa alfajiri, aliposhika tumbo akasema ni ugali wa jana. Wala haikuwa saa moja, alipoacha kusema. Mpaka saa nne kasoro robo mambo yalikuwa bado yanatengenezeka. Gari lilikuwa limekuja, safari hii limekuja kweli, lina muuguzi na dereva mwenye koti zito. Kati ya gari na kitanda cha Bernadina kulikuwa na mto, na juu ya mto palitakiwa pawe na kalavati, na kalavati lilikuwa limekwenda na maji tangu masika ya mwaka uliotangulia.

Tluway, mumewe, alikuwa ameshika mguu mmoja wa kitanda, majirani watatu wameshika mingine. Mwenyekiti wa kijiji, Maximilian, alikuwa ng'ambo ya pili, mkavu, chini ya mwamvuli. Akawapungia mkono wapande juu kwenye mawe makubwa. Wakapanda. Kwenye mawe maji yalikuwa yale yale. Wakashuka. Akawapungia tena, kwamba wasubiri. Wakasubiri, kitanda kimefunikwa turubai, mvua inalitwanga turubai. Dereva hakuzima injini muda wote ule, na Tluway alikuja kumshukuru kimoyomoyo kwa jambo hilo, maana Bernadina aliondoka duniani akiisikia, huenda akidhani yuko safarini. Maji yalipopungua ilikuwa saa nane. Muuguzi alivuka kwa miguu, sketi ameikunja, akamshika Bernadina shingoni, kisha mkononi, kisha akamtazama Tluway.

Watu wakasema ni mapenzi ya Mungu. Tluway alisoma mpaka darasa la tatu tu, lakini kalavati alijua ni kazi ya nani, na hakuwa Mungu. Barua tatu zilikuwa zimeandikwa kwenda ofisi ya wilaya. Kwenye ile ya kwanza alitia saini na dole gumba pia, ili wasije wakasema hawakumwelewa. Zote zilijibiwa kwa neno moja: lipo kwenye mpango.

Baada ya maziko wazee wa ukoo walimweka kwenye meeta, kile kifungo cha msiba. Miezi mitatu, kuanzia siku ya kifo. Siku hizi wengi wanakikata kinakuwa wiki mbili, na paroko mwenyewe hakipendi, lakini Tluway alikitaka chote, asipunguziwe hata siku. Asiingie nyumba ya mtu. Mtu asinywee kikombe chake. Ng'ombe wake wanne wanywe maji wenzao wakishaondoka. Jirani akimletea unga, aliuacha mpakani juu ya jiwe, akapiga mluzi, akageuka.

Ndani walibaki wawili: yeye na Mgeni.

Mgeni alikuwa mmea. Mdogo, usiozidi kiganja, wenye majani manene yaliyolala huku na huku kama ndimi za ndama, ya kijani kilichoiva na madoa meupe. Bernadina alipewa jani moja na mama mmoja waliyelazwa naye hospitalini, akalileta nyumbani ndani ya kitambaa cha kichwa, akalipanda kwenye kikombe cheupe cha bati chenye ukingo wa bluu, akakiweka kwenye dirisha la mashariki, dirisha pekee la nyumba ile lenye kioo. Akamwita Mgeni kwa sababu, alisema, ndiye mgeni pekee aliyewahi kuingia humo asiulize chakula kiko wapi. Tluway hakuwahi kumjali. Kitu kisicholiwa na mtu wala mbuzi, hakichomwi kuni, hakiezekewi, alikiona kazi yake ni kuziba mwanga tu.

Sasa akamwona. Asubuhi ya nne ya meeta alichemsha chai, akamimina, akainua kikombe, na pale dirishani kitu kilicho hai kikawa kinamtazama akinywa. Kwao hakuna anayekunywa chai peke yake mbele ya mgeni. Hilo hata mchoyo halifanyi. Tluway akaona aibu, aibu ya kweli ya usoni, akainuka, akachota maji kwa kata, akammiminia.

"Karibu," akasema. Ndilo lilikuwa neno lake la kwanza siku ile.

Ikawa desturi. Chai ya asubuhi, Mgeni maji. Chai ya saa kumi, Mgeni maji. Siku ambazo mvua ilimfungia ndani, chai ya tatu, na Mgeni naye maji ya tatu. Huku wakinywa, Tluway alimweleza habari za kalavati tangu mwanzo: nani aliahidi, lini, amevaa nini. Mgeni alisikiliza. Hakusema lipo kwenye mpango.

Wiki ya sita akaona ubao wa dirisha umelowa. Akakiinua kikombe, akakuta tundu chini yake, dogo, la kuingia msumari. Moyo ukamuuma. Kumbe miaka yote ile mke wake alikuwa akitumia kikombe kibovu na asimwambie, na yeye mwanamume mwenye ng'ombe wanne. Akamng'oa Mgeni taratibu, akayeyusha kipande cha ndoo kuukuu ya plastiki, akaliziba tundu ndani na nje, akapapasa, likawa imara. Alipotaka kumrudisha akauona udongo wake: mchanga mchanga, changarawe tupu, udongo wa mtu maskini. Akaumwaga nje. Akajaza samadi ya zizini iliyooza vizuri, ile nyeusi inayowafanya watu wa Mbulu wavune mahindi mahali ambapo wengine wangevuna mabua. Akashindilia. Akamwagilia mpaka juu. Kisha akarudi nyuma hatua mbili, akatazama, na kwa mara ya kwanza tangu Aprili akajisikia ametengeneza kitu.

Julai ikaja na ukungu unaolala mlangoni mpaka saa nne. Majani ya Mgeni yakaanza kung'aa kama yamepakwa mafuta. Tluway akafurahi, akadhani ananenepa.

Meeta iliisha tarehe kumi na nane. Ndugu walikuja, wakamnyoa, wakafagia nyumba, wakakaa uani wakanywa kutoka kata moja ili kila mtu aone kwamba kifungo kimefunguliwa. Binti yake Judica, fundi cherehani wa Mbulu mjini, aliingia ndani kumsalimia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu."

Alikuwa bado ameinama alipomwona Mgeni. "Baba, huyu ana nini?"

"Baridi."

"Baridi haifanyi hivi." Akagusa jani moja, nalo likabaki kidoleni mwake, laini kama ndizi iliyooza, likichuruzika maji. "Umempa maji lini?"

"Leo."

"Na kabla ya leo?"

"Jana."

"Baba."

"Asubuhi na jioni," Tluway akasema. "Na mimi nilikuwa nakunywa chai. Ulitaka nimkodolee macho tu?"

Judica akakiinua kikombe juu ya kichwa chake, akachungulia chini. "Tundu liko wapi?"

"Nimeliziba. Mama yako alikuwa anateseka na kikombe kibovu."

Judica akakaa kwenye kigoda. Nje watu walikuwa wanacheka kwa jambo fulani, kicheko cha kwanza kwenye ua ule kwa miezi mitatu.

"Baba, lile tundu alilitoboa mwenyewe. Kwa msumari na jiwe, mimi ndiye niliyemshikia kikombe. Na ule mchanga aliuchekecha mwenyewe. Alikuwa anampa vizibo viwili vya soda, Jumapili ya kwanza ya mwezi, akitoka misa. Basi."

"Kwa mwezi mzima?"

"Mwezi mzima."

Tluway akatazama mikono yake. "Hakuniambia."

"Ulimuuliza?"

Tluway akatoka uani kwa ndugu. Ndugu walipoondoka alikaa mbele ya dirisha akajaribu kuipeleka lawama mahali pake pa siku zote. Njia ilikuwa nyoofu: kalavati lingekuwepo, gari lingevuka; gari lingevuka, Bernadina angepona; Bernadina angekuwepo, Mgeni angepata vizibo vyake viwili. Kwa hiyo hata uozo huu ni wa ofisi. Aliipitia njia hiyo mara mbili na haikuwa na kosa. Lakini mkono ulioshika kata ulikuwa wa kwake. Na Mgeni akifa, barua ataiandikia ofisi gani?

"Hafi," akasema kwa sauti. "Huyu hafi."

Kesho yake akatoboa plastiki kwa msumari wa moto. Maji meusi yakatoka, yananuka zizi. Akakifunga kikombe kwenye kanga ya marehemu, akavuka mto juu kwenye mawe, akapanda bodaboda mpaka mjini kumtafuta bwana shamba. Alimkuta, jambo ambalo lenyewe lilikuwa habari, kijana mwenye diploma na meza yenye kioo.

"Mzee wangu, hili ni pambo," kijana akasema bila kuligusa. "Mimi niko kwenye ngano, mahindi na vitunguu saumu."

"Linaoza."

"Ndiyo, naona. Lakini si zao."

"Kwa hiyo lisipokuwa zao linaruhusiwa kufa?"

Kijana akacheka kwa adabu, akampa karatasi ya mbolea ya kupandia. Tluway aliikunja akaitia mfukoni. Hakushangaa. Angeshangaa kama angesaidiwa.

Akarudi kwa miguu ili aone hasira itaishia wapi. Kwenye kona ya barabara ya mnadani akamkuta Gidahosh, mfugaji wa kutoka pande za Basotu, Mdatoga mrefu mwenye shuka nyekundu, anapumzisha mafahali wawili. Walijuana. Gidahosh ndiye aliyemuuzia ng'ombe wa kahawia miaka tisa iliyopita, na tangu hapo hawakuwahi kukutana bila kutupiana maneno.

"Tluway. Unabeba nini, unakwenda kliniki kupima mtoto?"

"Mgonjwa."

Gidahosh akafunua kanga, akainusa samadi, akainua nyusi. "Nilisikia ya mama. Pole sana. Maneno mengine nayaacha, nitakutukana siku nyingine." Akaingiza kidole kwenye udongo. "Huyu namjua. Si yeye hasa, ni ndugu yake. Kule Yaeda Chini anakaa kwenye mawe, mvua anaiona mara mbili kwa mwaka, na anashukuru. Umempa nini?"

"Maji."

"Na nini?"

"Samadi."

"Kiasi gani?"

"Kikombe kizima."

Gidahosh alicheka mpaka akamshikilia fahali shingoni asianguke. "Ninyi watu wa jembe. Mtu akinyamaza mnadhani ana njaa. Umesahau lile jike nililokuuzia? Nilikwambiaje siku ile?"

"Kwamba ametoka nyikani, nisimfungulie kwenye majani mabichi."

"Na ulimfungulia."

"Nilimfungulia."

"Akavimba tumbo kama ngoma. Nikarudi na mguu huu huu kumtoboa ubavu, hewa itoke. Ni kitu kile kile, Tluway. Wa kiangazi hauawi na njaa, anauawa na karamu."

Akachomoa kisu kiunoni, akakifuta kwenye shuka. Hakuomba ruhusa. Akamwaga samadi yote kando ya barabara, akamshika Mgeni kichwa chini, akaanza kukata mizizi myeusi, kisha shina, kisha majani, moja baada ya jingine, akitupa.

"Unamwua," Tluway akasema.

"Kata mpaka uone nyama safi. Nusu ya kuoza haipo."

Yalibaki majani matatu. Gidahosh akayalaza kwenye kiganja cha Tluway. "Usiyapande leo. Ndama akikatwa sikio humpeleki kuogelea siku hiyo hiyo. Yaache kidonda kikauke, kiwe kigumu kama ukucha. Ndipo uyalaze kwenye mchanga wa mto, ule wenye chembe kubwa, si huu udongo wenu wenye mafuta. Na maji usiyape mpaka yakuombe."

"Yataombaje?"

"Yatanywea kidogo. Yatakuwa na mikunjo kama uso wako." Akawapigia mafahali mluzi. "Mchanga wa mto unao kwenu, au nikuletee?"

Tluway akasema anao.

Aliyaweka majani kwenye ungo, mbali na jua kali. Siku ya nane vidonda vilikuwa vigumu kama ukucha. Siku ya tisa akachukua ndoo na chekecheke akasimama mlangoni, na miguu ikagoma. Mchanga wa chembe kubwa ulikuwa mahali pamoja tu, pale chini ambapo kalavati lilikuwa. Tangu Aprili alivukia juu kwenye mawe, hata kwa kuzunguka nusu saa. Ng'ombe pia aliwazungusha. Angeweza kumwomba jirani. Meeta ilikwisha, hakuna aliyemkatalia kitu. Lakini alishaona kinachotokea kazi ya mtu ikingoja mkono wa mwingine.

Akateremka. Mto wa mwisho wa Julai ulikuwa mwembamba kiasi cha kutia aibu, maji ya kifundo cha mguu, yanapiga kelele ndogo kwenye kokoto. Mtoto angeuruka. Alisimama pale kitanda kilipowekwa, akaona alama nne za miguu ya kitanda hazipo, akajiuliza alitegemea nini. Kisha akapiga magoti akachekecha. Mchanga mwembamba ulipita, wenye chembe ukabaki. Akauosha mara tatu kwenye maji yale yale, mara ya nne akauosha tena, ingawa ulikuwa umeshatakata, na alipopanda kilima na ndoo begani alikuwa amelowa kifuani na hakuwa na haja ya kumweleza mtu ni maji ya nini.

Akayalaza majani matatu juu ya mchanga ndani ya kikombe cha bati, akakiweka kwenye dirisha la mashariki, kazi ngumu ikaanza: kutofanya kitu.

Hakuna aliyejua ilivyomtesa. Mkulima hufundishwa tangu utoto kwamba kinachonyauka kimwagilie. Kila chai ilikuwa vita. Aliinua kikombe, yale majani yakamtazama, mkono ukaenda kwenye kata wenyewe. Akaihamishia kata jikoni. Mkono ukaifuata jikoni. Mwishowe akawa anakunywa chai akiwa amesimama uani, hata kwenye manyunyu, na kurudi ndani akijifuta midomo kama mwizi wa maziwa. Jumapili ya kwanza ya mwezi alikwenda misa, hakuwa amekwenda tangu mazishi, kwa sababu Judica alisema vizibo vinatolewa baada ya misa na yeye hakutaka kubadilisha hata kitu kimoja. Akarudi, akapima vizibo viwili, akamimina pembeni pembeni, mbali na majani, maana yenyewe hayakuwa yameomba bado.

Jani la kwanza liliuawa na baridi. Liligusa kioo, na asubuhi moja likaamka limekuwa jeusi upande mmoja. Tluway hakulia wala hakulaani ofisi. Tangu siku hiyo kila jua likizama alikisogeza kikombe hatua tatu kutoka dirishani, kila asubuhi akakirudisha. Jani la pili alilidonoa kuku aliyeruka dirishani mchana, akaliacha nusu. Kuku huyo hakuifikia Jumamosi.

Likabaki moja. Mwishoni mwa Septemba likanywea, likaota mikunjo, na Tluway akaelewa limeomba. Akalipa. Katikati ya Oktoba akaliinua kidogo kwa ncha ya kijiti akakuta uzi mmoja mweupe umeshuka mchangani, hauzidi ukucha. Akalirudisha haraka kama aliyefungua mlango wa chumba cha mtu. Siku ile alikunywa chai ndani, ameketi. Ameketi, na kata iko jikoni.

Krismasi Judica alikuta kichipukizi kinachochungulia chini ya jani. Februari vilikuwa vitatu. Alimkuta baba yake ametoboa makopo matatu ya maziwa kwa msumari, amechekecha mchanga, ameuchanganya na udongo kidogo sana, kiasi cha kijiko.

"Mama angekucheka," Judica akasema.

"Acha anicheke. Kule aliko nani atamkataza?"

Wiki ya kwanza ya Machi mwenyekiti Maximilian alivuka mto, viatu mkononi, akaja mpaka mlangoni.

"Shikamoo mzee Tluway."

Tluway aliiacha shikamoo ikae kidogo kizingitini kabla ya kuijibu. "Marahaba."

"Habari za hapa?"

"Tupo. Sisi wa ng'ambo."

Maximilian alikaribishwa kigoda na chai, maana chai hainyimwi mtu. Akanywa, akasifu maziwa, akasifu ukuta, kisha akafika. Jumanne ijayo wageni wa wilaya wanakuja kuangalia ofisi mpya ya kijiji. Imepakwa rangi, ina meza. Mtendaji amesema mezani panatakiwa kitu cha kijani. Yale maua ya plastiki yamepauka. "Nikasikia unayo maua ya ndani."

"Si maua."

"Basi hivyo vitu, mzee."

Tluway akamwongezea chai. Kukataa kulikuwa mdomoni, kumeiva. Lakini alikumbuka Bernadina alilipata jani lile kwa mwanamke asiyemjua, kwa sababu tu aliomba. Na watatu alikuwa nao.

"Ngoja hapo," akasema, akaingia ndani.

Maximilian akangoja. Akasikia msumari ukikwaruza bati, ukitulia, ukikwaruza. Akanywa chai ya pili. Mtu wa darasa la tatu haandiki haraka. Tluway alipotoka alikuwa amebeba kopo moja lenye kichipukizi cha majani matatu, amelishika kwa mikono miwili.

"Asubuhi dirishani. Jua kali la mchana hapana. Jioni ya baridi msogeze mbali na kioo."

"Maji?"

"Vizibo viwili vya soda. Mara moja kwa mwezi."

"Na nikisahau?"

"Ukisahau hafi. Ndiyo maana nakupa bila wasiwasi. Huyu anawafaa watu wa ofisi, anavumilia kusahauliwa."

Maximilian akaanza kucheka, kicheko kikaishia njiani.

"Na kila Jumatatu mgeuze robo," Tluway akaendelea, "ili kila upande uone mwanga. Usipomgeuza ataota amepinda."

Maximilian akalipokea kopo, akaligeuza robo kujaribu, akaona herufi. Akaligeuza robo nyingine. Akazunguka nalo mpaka mwisho, midomo ikisoma.

"Mzee, hapa umeandika."

"Nimeandika."

"Wageni watasoma."

"Watu wa wilaya wanajua kusoma, mimi siwadharau kiasi hicho."

"Siwezi kuweka kitu kama hiki mezani."

"Basi mwache. Hapa ana dirisha lake."

Mwenyekiti akatazama chini kwenye njia ya mtoni. Hakuwa mtu mbaya wa sura. Sasa hata Tluway aliona kwamba amezeeka kidogo. "Siku ile nilipiga simu mara kumi na moja," akasema.

"Zilipokelewa?"

"Zilipokelewa."

"Wakasemaje?"

Maximilian akaligeuza kopo robo nyingine. Alikaa na kopo mapajani mpaka chai ikapoa, kisha akainuka, akalikumbatia kifuani. "Jumatatu, robo," akasema.

"Robo."

Akavua viatu akavuka, kopo ameliinua juu kuliko viatu.

Jumanne Tluway alikwenda ofisini. Hakuitwa; alikaa kwenye benchi la nyuma. Kopo lilikuwa mezani, katikati ya chupa za maji, na Mgeni mdogo alikuwa wima. Mkubwa wa wageni alilivuta karibu, akaligusa jani, kisha kidole chake kikakuta mkwaruzo. Akaligeuza. Akasoma mpaka akarudi alipoanzia. Akaliweka chini polepole, akamtazama Maximilian, Maximilian akatazama meza, na mkubwa yule akaomba waende kwenye ajenda inayofuata.

Wingu limeshasimama upande wa Hanang, na jana usiku mto ulisikika kutoka kilimani. Kopo bado lipo mezani pale. Kila Jumatatu linageuzwa robo, na kila anayekuja kupigiwa muhuri anasoma upande wake. Mtoto wa Mgeni ametoa jani la nne. Herufi za Tluway hazijanyooka, lakini zimeingia ndani ya bati, haziwezi kufutwa kwa kitambaa, nazo zinasema: MASIKA HAYA MGONJWA WA NG'AMBO ATAPITA WAPI?